Konde Lenye Njaa

Siku ya arobaini baada ya kifo cha Toader, watu walipokwisha kula na mitungi ya sadaka imekwisha kugawiwa, Gligor alisimama mwisho wa meza, kikombe mkononi. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mchungaji wa kondoo, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Kusimama kwake tu kulinyamazisha meza nzima. Hata kasisi aliweka kijiko chini.

"Mimi sina mikate ya kugawa," alisema. "Nina kondoo mia mbili na ishirini. Kwa roho ya ndugu yangu nakupa wewe, shemeji Saveta, zizi langu kwa usiku kumi na mbili, kwenye konde lake la juu. Walale pale, waache samadi pale. Mungu amsamehe Toader."

"Mungu amsamehe," watu waliitikia.

Saveta, mjane wa Toader, naye aliitikia. Kwa siku arobaini maneno hayo yalikuwa yakimtoka bila kuyafikiri, kama mtu anavyoitikia hodi. Kinachotolewa kwa jina la maiti hupokewa kwa maneno hayo, na kikishapokewa, basi. Ni pale alipoinama kukusanya sahani ndipo alipoelewa alichokipokea, na sahani ya juu ikamponyoka ikavunjika.

"Acha, acha, ni heri hiyo," alisema jirani mmoja huku akiokota vigae. "Sadaka ya kifalme umepata, mwenzangu. Sisi tulimsubiri Gligor miaka sita atulazie kondoo usiku tatu."

Ilikuwa kweli. Katika milima ile watu hugombea zizi la kondoo. Mchungaji hupanga vipande vyake vya uzio wa fito mahali, kondoo wakalala usiku mmoja au mbili, kisha uzio unasogezwa mbele. Mwaka unaofuata nyasi pale hupanda mpaka gotini. Hakuna zawadi mchungaji anayoweza kumpa mkulima ikaizidi hiyo. Kwa konde lolote lingine Saveta angelia kwa shukrani.

Lakini konde la juu lilikuwa la arnika, ua la dawa.

Jumapili alipanda kulitazama. Lilikuwa mwendo wa saa nzima nyuma ya nyumba, limezungukwa na misonobari pande tatu, udongo wake mweusi, mchachu, mwembamba juu ya mawe. Nyasi zake zilikuwa fupi na ngumu kama nywele za brashi. Na katikati ya nyasi hizo, kutoka ukingo hadi ukingo, maua ya manjano yenye wekundu kidogo yalikuwa yameanza kufunguka, kila moja juu ya bua lake peke yake, petali zimepinda ovyo kama mtu aliyetoka kitandani bila kuchana nywele. Nusu yalikuwa bado matumba. Wiki moja zaidi, ya jua, yangekuwa tayari.

Toader alilitunza konde hilo miaka thelathini na moja, na kulitunza kwake kulikuwa kulinyima. Hakulitia samadi hata kiganja kimoja. Alilikata kwa mundu wa mpini mrefu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Eliya, mwezi wa saba, mbegu zikiwa zimekwisha kuruka, na nyasi zote alizibeba akaziteremsha nyumbani, hakuacha hata fungu lioze pale. Miche ya misonobari iliyoingia kutoka msituni aliing'oa kila majira ya kuchipua. Watu walidhani ni uvivu uliochanganyika na ukaidi. Saveta mwenyewe, alipokuja pale akiwa bibi harusi, alidhani hivyohivyo.

Siku moja Toader alimwonyesha ng'ambo ya bonde. "Unaona yale makonde matatu?" alimwambia. "Nilipokuwa mdogo yalikuwa ya manjano kuliko letu. Wakaanza kuyalisha vizuri. Tazama sasa."

Yalikuwa ya kijani kitupu.

Sababu alimwonyesha kwa kupiga magoti. Majani ya arnika hulala chini, manne au sita, mapana, yenye manyoya laini, yamejibandika ardhini kama sahani. Nyasi zikiwa na njaa hubaki fupi na majani hayo hupata jua lake. Nyasi zikishiba hupanda, huyafunika, nayo huoza. "Hili ua halifi kwa njaa, Saveta," alisema. "Linakufa kwa shibe ya majirani zake."

Alimfundisha mengine pia, polepole, kwa namna yake ya kusahihisha bila kukaripia. Arnika za mgongoni mwa kilima, penye ukavu, ni fupi, zina rangi iliyokolea, na ukizisugua kati ya vidole harufu hupanda mpaka puani ukapiga chafya. Hizo ndizo za kutia kwenye chupa ya pombe kali ya plamu, dawa ya kuchua. Za bondeni penye maji ni ndefu, nzuri kwa macho, lakini ukizifungua unakuta funza. Hizo huchumwa mapema, au huachwa. Na kuna zile za uongo. Ua la uongo ni la manjano vilevile, ila majani ya bua lake hupanda moja huku, moja kule. Arnika ya kweli majani yake ya bua hutoka mawilimawili, yametazamana kama watu mezani. Mwaka wake wa kwanza Saveta alipeleka gunia kwenye nyumba ya kukaushia maua ya dawa, na wanawake wa pale wakamrudishia lote kwa sababu ya maua ya uongo. "Umewapelekea bustani nzima," Toader alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Walichuma kila mwaka baada ya umande kukauka, vichwa tu, na katika kila maua matano waliacha mawili. Kadiri Saveta alivyojua, konde lao lilikuwa la mwisho katika bonde lile.

Gligor alikuwa amesema atakuja Jumatano. Saveta alishuka kutoka kondeni siku ile ya Jumapili akiwa na siku tatu na hana la kufanya. Sadaka ya maiti haikataliwi. Hakumjua mtu yeyote aliyewahi kuikataa.

Jumatatu alikwenda kwa mama Rafila, jirani wa chini, mwanamke aliyepita miaka themanini na ambaye ndiye aliyemwosha Toader alipofariki. Mama Rafila alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya banda la nyasi, na goti lake lilikuwa jeusi. Saveta alimpelekea chupa ya kijani.

"Polepole, wewe! Hilo ni goti, si unga wa kukanda."

"Tulia basi, mama. Hapa palipochubuka sipaki, patakuwasha."

"Nitatuliaje na mikono yako ni ya baridi kama ya mfu? Nisamehe. Sikumaanisha."

"Najua." Saveta aliendelea kuchua. "Mama Rafila, sadaka ya maiti ikikataliwa, inakwenda wapi?"

"Haikataliwi."

"Nauliza tu. Ikikataliwa."

"Inamrudia aliyekufa, inamkuta njiani, inamlemea. Toader wako atakaa njiani na njaa yake mpaka Kiyama, na sisi tutakutazama kanisani." Bibi kizee alimtupia jicho. "Ni kondoo wa Gligor hao?"

"Wataliua konde."

"Naelewa. Mumeo alinihubiria habari za konde lile kila alipopita hapa. Nikamwambia, Toader, kahubiri kanisani, mimi nina kuku wa kulisha." Akajisogeza kitini. "Basi zungumza na shemeji yako."

"Nimwambie nini? Amesema mbele ya kasisi. Nami nimeitikia."

"Hapo ndipo ulipokosea. Ungejifanya umepaliwa."

Saveta alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi ya mwezi wa tano, na kilimshtua. Alifunga chupa, akainuka aiweke rafuni, na hapo akaona kati ya mitungi ya rafuni mmoja haupo. Jumamosi alikuwa amempa mama Rafila mtungi wa udongo wenye mkate na mshumaa, kwa roho ya Toader, kama alivyowapa wengine.

"Mama, mtungi wangu uko wapi?"

"Mtungi wako?" Mama Rafila alivuta soksi juu ya goti. "Jumamosi ulikuwa wako. Ukauweka mkononi mwangu, nikaitikia, ukawa wangu. Jana nimempa mke wa fundi wa paa. Ana midomo sita mezani, na mimi nina mitungi minne. Mwaka huu mmefiwa wengi."

"Umetoa sadaka yangu?"

"Yako wapi? Yangu. Na nimeitoa kwa roho ya Toader vilevile, nikataja jina lake lote. Mumeo amekula mara mbili kwa mkate mmoja. Mwenye bahati ni yeye, na wewe umenuna."

Saveta hakuwa amenuna. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, akitazama kipande cha viazi cha mama Rafila kilichoshuka mpaka kijitoni. Mashina yalikuwa membamba, majani yamefifia rangi.

"Viazi vyako vina nini?"

"Vina mwenye mali fukara. Tangu ng'ombe wangu afe havijaonja samadi. Mbona unauliza viazi sasa?"

"Basi tu," alisema Saveta.

Aliamua kumngoja Gligor Jumatano asubuhi chini ya njia, kabla kondoo hawajapanda. Usiku ule alilala vizuri.

Jumanne asubuhi, akiwa anakamua mbuzi, alisikia kengele. Hazikutoka bondeni. Zilitoka juu.

Aliacha ndoo palepale akapanda bila kusimama, na alipofika ukingoni mwa konde pumzi zilikuwa zikimkatika. Gligor alikuwa amekuja jana yake jioni, kabla ya siku aliyosema. Uzio wake wa fito ulikuwa kwenye kona ya chini, karibu na lango, hatua ishirini na tano kwa ishirini na tano, na ndani yake kondoo walikuwa wakisimama mmoja mmoja wakijinyoosha. Chini ya miguu yao hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa peusi, pamekanyagwa, panang'aa kwa samadi. Sehemu nyingine yote ya konde ilikuwa kama alivyoiacha Jumapili, ila maua yalikuwa yamefunguka zaidi.

Gligor alikuwa ameketi juu ya jiwe, akichoma jibini ndani ya donge la ugali kwenye makaa.

"Shemeji!" aliita. "Umekuja kunikagua? Nilimaliza kule nilikokuwa mapema, nikasema kwa nini nimcheleweshe ndugu yangu. Kaa, ule. Umepanda kama mbuzi anayefukuzwa."

Saveta alikaa. Alipokea donge, akalivunja, jibini ikavutika. Alikula nusu kwa sababu usipokula chakula cha mchungaji humwambii kitu.

"Gligor. Hili zizi ni la nani?"

"Swali gani hilo? Langu."

"Hizi usiku kumi na mbili."

"Ah. Ni zako. Nimekupa."

"Zote?"

"Nikupe nusu kwa ndugu yangu mmoja niliyekuwa naye?" Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameanza kumtazama kwa makini.

"Na mimi nimepokea. Wewe ni shahidi, na kasisi." Saveta aliweka donge juu ya jani. "Basi usiku mmoja nimeutumia. Kumi na moja zilizobaki nampa mama Rafila, kwenye kipande chake cha viazi, kwa roho ya Toader."

Gligor alilitoa donge lake makaani, akaliweka chini. Mbwa wake aliinua kichwa.

"Unanirudishia sadaka," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Sikurudishii. Ningekurudishia ungewapeleka kwako. Nampa mwingine."

"Kwa kikongwe mwenye mashina arobaini ya viazi! Samadi ya kondoo mia mbili!" Alisimama. "Unajua kwa nini niliichagua sadaka hii? Miaka thelathini nimepita chini ya konde hili na kundi langu, nimelaza kwa kila mtu bonde zima, wanaonipa pombe na wanaonipa maneno matamu. Kwa ndugu yangu, sikulaza hata mara moja. Hata moja, Saveta. Na nilimcheka. Nilimwambia, Toader, konde lako lina njaa, hata panya hupita na chakula chake mfukoni. Akawa anacheka tu. Nikasema moyoni, ana haya ya kuniomba. Ataniomba mwakani. Basi."

"Hakuwa na haya."

"Wewe unajuaje?"

"Nililala naye miaka thelathini na moja, ndivyo ninavyojua. Hakukuomba kwa sababu hakutaka. Ungelilaza hapa angekushukuru, kisha angekaa na huzuni mpaka kufa, asikwambie. Njoo."

Alimpeleka nyuma ya banda dogo la nyasi lililokuwa ukingoni mwa konde, mahali Toader alipokuwa akimfunga farasi wakati wa kukata. Pale, duara la hatua sita, nyasi zilikuwa ndefu, nene, za kijani kizito. Saveta alizitenganisha kwa mikono miwili mpaka chini.

"Tafuta arnika hapa."

Gligor alichuchumaa. Alitafuta kweli, kama mtu anayetafuta kisu kilichoanguka. Kisha akatazama hatua moja nje ya duara, ambako sahani za majani zilikuwa zimejaa, zinagusana.

"Nilidhani yatazidi," alisema. "Kila kitu ukikilisha kinazidi. Nilisema, atapata nyasi, na maua yake yatakuwa makubwa hivi." Alionyesha kwa kiganja chake. "Farasi huyo amekufa lini?"

"Miaka tisa."

"Miaka tisa!" Alitazama kule kwenye uzio wake. Uso wake ulibadilika, na Saveta, aliyekuwa amepanda akiwa na hasira ya kutosha mlima mzima, aliona haya kuutazama. "Basi kona ile nimeiua."

"Kona ile umeiua."

"Kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa roho yake."

Saveta hakutafuta maneno ya kumwondolea uchungu. Alikaa naye palepale kwenye nyasi.

"Lakini nilisema konde la juu," Gligor alisema baadaye. "Nilitamka. Nikiwahamisha, nimekuwa mwongo kwa maiti."

"Wamelala konde la juu au hawakulala?"

"Wamelala."

"Basi neno lako limetimia. Usiku mmoja ni usiku. Hizo nyingine ni zangu, na mimi sikutamka kitu."

Gligor alimtazama. "Nani kakufundisha mambo haya?"

"Mtungi."

Hakuelewa, wala hakuuliza. Alipuliza filimbi, mbwa akainuka, na wakaanza kung'oa uzio. Saveta alibeba fito pamoja naye. Kufika mchana kondoo walikuwa wakiteremka njia nyembamba kwa foleni, bila kula ua lolote, maana kondoo mwenye akili haligusi ua lile.

Mama Rafila alitoka na fimbo yake akakuta kondoo mia mbili na ishirini wakimsubiri langoni.

"Kwa roho ya Toader," alisema Saveta. "Usiku kumi na moja."

Bibi kizee aliwatazama kondoo, akamtazama Gligor, kisha Saveta. "Kipande changu hakiwatoshi hata kusimama, na viazi tayari viko ardhini. Mtavikanyaga vyote."

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiri. Gligor ndiye aliyelitatua: aliwalaza kwenye nyasi za kando ya kijito, na kila asubuhi alichota samadi kwa koleo akaitia kati ya mistari ya viazi yeye mwenyewe, ameinama, huku mama Rafila ameketi kizingitini akimwelekeza.

"Si hapo. Ulikwisha weka hapo jana. Wewe unahesabu kondoo namna hii?"

"Mama, nimechunga miaka arobaini."

"Na viazi umechunga mingapi? Songa."

Aliweka siku zote kumi na moja. Goti la mama Rafila lilipopona, chupa ya kijani ilihamia kwenye mgongo wa Gligor.

Saveta alichuma peke yake siku zile, kwa vidole viwili, kama walivyozoea kuchuma wawili. Ilimchukua siku tisa badala ya nne. Mara mbili alijikuta ameacha mstari wa kushoto kwa ajili ya mtu wa kuuchuma, akarudi akauchuma. Kwenye nyumba ya kukaushia walimwaga magunia yake mezani, wakapitisha mikono, hawakutoa hata ua moja la uongo.

Mwezi wa tisa mama Rafila alifika mlangoni na kikapu cha viazi, kila kimoja kama ngumi ya Gligor. "Kwa roho ya Toader," alisema, na akangoja kuitikiwa. Saveta aliitikia. Alivichemsha jioni ileile, akala na jibini, vikabaki vya siku tatu.

Kona ya lango haikurudi. Mwaka uliofuata nyasi zake zilisimama mpaka kiunoni, na mwaka wa pili vilevile. Ukiwa ng'ambo ya bonde uliiona kama kiraka cha kijani kwenye nguo ya manjano. Kila mwaka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Eliya, Gligor hupanda na mundu wake kuikata. Haruhusu mtu mwingine. Hukata chini kabisa, hubeba kila unyasi, kisha hupiga magoti na kutafuta kwa muda mrefu, na Saveta humwacha atafute, maana ndivyo wote wawili wanavyokaa na Toader siku hiyo.

"Bado," husema akiinuka.

"Bado," husema Saveta, na humpa chupa ya mwaka huo.